Barua ipo, ila hujui folda: kutafuta kwenye folda zote za Thunderbird

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Natumia programu ya barua pepe ya Thunderbird kwenye kompyuta ya mezani. Nina akaunti mbili, ya kazini ni ya IMAP na ya zamani ni ya POP, na folda zinazokaribia mia na hamsini ambazo nimezipanga kwa wateja na kwa miaka. Juzi nilihitaji barua yenye mkataba wa mteja mmoja. Nikaandika jina lake kwenye kisanduku kilicho juu ya orodha ya barua, hakuna kitu. Nilipofungua folda nyingine na kuandika jina lilelile, ikatokea. Je, ni lazima nipite folda moja moja? Tena kuna barua nyingine nina uhakika nilizipokea, lakini hata nikitafuta kwa kisanduku cha juu kabisa ya dirisha hazionekani. Zimefutika? Au nihamishie kila kitu kwenye folda moja?"

Ndugu msomaji, kabla ya lolote: usihamishe barua hata moja kwa sasa. Ukianza kuhamisha maelfu ya barua wakati hujajua tatizo liko wapi, utavuruga mpangilio uliouhangaikia miaka yote hiyo na bado hutapata unachokitafuta. Kwa maelezo uliyonipa sioni dalili kwamba kuna kilichofutika. Ninachokiona ni kwamba umekuwa ukiuliza mahali pasipo na jibu.

Ndani ya Thunderbird hakuna utafutaji mmoja. Upo wa aina nne, na kila aina inaangalia mahali pake. Ya kwanza huangalia folda uliyoifungua tu. Ya pili huangalia faharasa, yaani orodha ya maneno yaliyomo kwenye barua, ambayo programu imejitengenezea. Ya tatu hupita barua zenyewe, folda kwa folda, kwenye diski ya kompyuta yako. Ya nne huipelekea seva, yaani kompyuta ya anayekupa huduma ya barua, swali lako na kungoja jibu. Kwa macho, zote ni visanduku vya kuandikia neno, na programu haisemi waziwazi kisanduku kipi kinafika wapi. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo ulipokwama wewe.

Kisanduku ulichoanza nacho, kile kilicho juu ya orodha ya barua, ni kichujio cha haraka. Hufunguliwa kwa Ctrl+Shift+K. (Kwa anayetumia Mac, weka Command badala ya Ctrl, hapa na kwingine kote.) Kazi yake ni kupunguza orodha iliyo mbele yako: huficha zisizolingana na neno lako, hubakiza zinazolingana. Hakitoki nje ya folda hiyo. Kwa hiyo kilipokuambia hakuna, kilisema kweli. Hakuna katika folda ile. Nakipenda sana kichujio hiki pale ninapojua folda ninayoitaka, ila kina mambo mawili ya kuangalia. Pembeni yake kuna vitufe vya kuchagua kama neno litafutwe kwa mtumaji, kwa mpokeaji, kwenye mada au kwenye mwili wa barua. Kitufe cha mwili kikiwa kimezimwa, neno lililomo ndani ya barua halipatikani hata ukiwa kwenye folda sahihi. Pia kuna alama ya pini. Ikiwashwa, kichujio hukufuata kila folda unayoifungua, na mtu aliyesahau kuizima huona folda baada ya folda zikiwa tupu, akapata hofu bila sababu. Ukikuta folda iliyokuwa na barua nyingi haina kitu, tazama kwanza kama kuna neno lililobaki kwenye kichujio.

Kisanduku cha juu kabisa ni kitu kingine. Unakifikia kwa Ctrl+K. Utafutaji huu wa jumla uliingia na toleo la 3 la Thunderbird mwishoni mwa mwaka 2009, na tangu toleo la 115 la mwaka 2023 kisanduku chake kimekaa kwenye upau wa juu wa dirisha. Huu ndio unaovuka folda zote na akaunti zote kwa mpigo mmoja. Andika neno, bonyeza Enter, na kichupo kipya kitafunguka kikiwa na matokeo. Upande mmoja kuna orodha za kupunguzia: watu waliohusika, folda, akaunti, lebo, zenye viambatisho. Ukibofya jina la folda unaweza kuiondoa au kubaki nayo peke yake. Juu kuna kiungo cha kuonyesha matokeo kama orodha ya kawaida, nami nakushauri ukibofye kila mara, kwa sababu orodha hiyo unaweza kuipanga kwa tarehe, kwa mtumaji au kwa mahali, tofauti na matokeo ya mwanzo ambayo hupangwa kwa jinsi programu inavyoona yanalingana.

Sasa tuje kwenye kinachokusumbua: kwa nini kisanduku hiki nacho hakikukupa barua ulizo na uhakika nazo.

Utafutaji wa jumla hausomi barua zako unapobonyeza Enter. Unasoma faharasa iliyohifadhiwa kwenye faili moja linaloitwa global-messages-db.sqlite, ndani ya folda ya wasifu wako wa Thunderbird, yaani mahali programu inapotunza barua na mipangilio yako. Barua ambayo haikuingia kwenye faharasa haipo kwa utafutaji huu, hata kama unaiona kwa macho kwenye folda yake. Na sababu za barua kutoingia ni kadhaa. Tupio na folda ya barua taka haziingizwi kwa kawaida. Barua zilizosimbwa kwa ufunguo hazisomeki kwa faharasa. Kila folda ina mahali pa kuamua, kwenye sifa zake, kama itahusishwa na utafutaji wa jumla au la, na huenda tiki hiyo iliondolewa zamani. Utafutaji wenyewe nao unaweza kuwa umezimwa kwenye mipangilio ya jumla ya programu. Huko kuna mstari wa kuwasha utafutaji wa jumla na faharasa yake, hakikisha una tiki.

Sababu ninayoishuku zaidi kwako, kwa kuwa akaunti yako ya kazini ni ya IMAP, ni kwamba miili ya barua zako haiko kwenye kompyuta. Kwa IMAP, barua hukaa kwenye seva. Programu inaweza kukuonyesha orodha nzima, mtumaji, mada na tarehe, huku maandishi yenyewe yakibaki kule hadi ubofye barua husika. Faharasa haiwezi kuorodhesha maneno ambayo hayajapakuliwa. Fungua mipangilio ya akaunti, nenda sehemu ya usawazishaji na hifadhi, uone kama umeruhusu programu itunze barua za folda zote kwenye kompyuta hii. Kuna kitufe cha ziada cha kuchagua folda moja moja. Kagua kwa makini, hasa folda ulizoziunda karibuni. Kisha tazama chini yake, kwa sababu kuna vikomo viwili watu huvisahau: kimoja cha kusawazisha barua za siku za karibuni tu, kingine cha kutopakua barua zinazozidi ukubwa fulani. Barua yenye mkataba mzito ulioambatishwa ndiyo hasa inayoweza kuachwa na kikomo cha pili.

Ukiruhusu upakuaji, acha programu ikiwa wazi na mtandao ukiwepo. Akaunti kubwa inaweza kuchukua saa nyingi. Kwenye menyu ya zana kuna dirisha la shughuli linaloonyesha folda inayopakuliwa na inayoingizwa kwenye faharasa wakati huo. Usiitathmini kazi hii kabla haijaisha.

Kama barua zimepakuliwa na bado faharasa haizitoi, itengeneze upya. Fungua menyu ya msaada, chagua maelezo ya utatuzi, na huko utakuta kitufe cha kufungua folda ya wasifu. Funga Thunderbird kabisa. Tafuta faili la global-messages-db.sqlite ulipe jina jingine, usilifute hadi uone mambo yamekaa sawa. Ukifungua programu tena, itaanza kujenga faharasa mpya yenyewe. Usiogope kwamba utapoteza barua: faili hilo ni faharasa tu, barua zenyewe ziko kwenye mafaili mengine.

Kuna jambo lingine ambalo maelezo mengi ya programu hizi hayaligusi, kwa kuwa huandikwa kwa kufikiria Kiingereza. Faharasa ya Thunderbird hulinganisha maneno mazima, na njia yake ya kukata maneno ili kupata shina ilibuniwa kwa Kiingereza, lugha inayobadilisha maneno yake mwishoni. Kiswahili hubadilisha mwanzoni. Ukitafuta "mkataba", barua iliyoandikwa "mikataba" haitokei. Ukitafuta "lipa", hutapata "nimelipa", "tulilipa" wala "watalipa", kwa sababu kwa faharasa hayo ni maneno manne yasiyohusiana. Mwandishi mwenzako anaweza kuwa ameandika "tumeusaini" nawe ukatafuta "kusaini" siku nzima. Kwa hiyo unapotumia Ctrl+K kwa barua za Kiswahili, epuka vitenzi. Tafuta vitu visivyonyambulika: jina la mtu, jina la kampuni, namba ya ankara, anwani ya barua pepe, jina la faili lililoambatishwa. Maneno yanayofuatana yaweke ndani ya alama za kunukuu. Jina la kiambatisho limo kwenye faharasa. Yaliyomo ndani ya kiambatisho hayamo. Kama neno "mkataba" liko ndani ya faili la PDF tu, na barua yenyewe inasema "Tafadhali pokea", basi Thunderbird haitalipata kwa njia yoyote kati ya tatu za kwanza.

Dirisha ninalolitegemea mimi

Kwa mtu mwenye folda mia na hamsini zenye barua za Kiswahili, sikushauri ufanye Ctrl+K kuwa chombo chako kikuu. Tumia Ctrl+Shift+F. Ni dirisha la kizamani, halina mapambo, na ndiyo maana wengi hawalijui, lakini kwa maoni yangu ndilo utafutaji wa kweli wa programu hii.

Juu kabisa kuna mahali pa kuchagua unapoanzia: unaweza kuchagua folda moja, au jina la akaunti nzima. Chagua akaunti, kisha hakikisha kisanduku cha kuhusisha folda ndogo kina tiki. Bila tiki hiyo, utakuwa umerudi kwenye folda moja. Chini yake unaamua kama barua ilingane na masharti yote au na lolote kati yake. Kisha unaandika masharti yenyewe, na unaongeza mstari kwa kubofya alama ya kujumlisha.

Uzuri wake ni neno "ina". Sharti la kwamba mada ina herufi fulani, au mwili una herufi fulani, halidai neno zima. Linatafuta kipande popote kilipo. Hapa Kiswahili kinakuwa rahisi. Andika "kataba", bila m wala mi mbele, na utapata mkataba na mikataba. Andika "lip", na utapata nimelipa, malipo, mlipaji, italipwa. Mizizi mifupi italeta na takataka kidogo, kwa hiyo iambatanishe na sharti la pili.

Nikichukua mfano wako, ningeandika masharti matatu na kuchagua kwamba yote yatimie. La kwanza: katika mtumaji, mpokeaji au wanaonakiliwa, kuna sharti moja linalojumuisha wote hao, weka sehemu ya anwani ya mteja inayofuata alama ya @. Nasema anwani na si jina kwa sababu jina linaloonekana hubadilika: leo ni jina kamili, kesho ni kifupisho, keshokutwa anayeandika ni karani wake. Sehemu ya anwani baada ya @ hubaki ileile kwa kampuni nzima. Na kwa kuchagua sharti linalojumuisha wote, unapata pia barua ulizomtumia wewe. Mara nyingi mkataba anaoutafuta mtu haumo kwenye barua aliyopokea, bali kwenye ile aliyotuma yeye kumrudishia mwenzake. La pili: mwili una "kataba". Kama hujui neno lililotumika, badala yake weka kwamba barua ina kiambatisho. La tatu: tarehe iwe baada ya siku fulani. Huhitaji kuikumbuka barabara, mwaka tu unatosha kupunguza orodha.

Anza na masharti ya anwani na tarehe, ona yanaleta ngapi, ndipo uongeze la mwili. Kutafuta ndani ya miili kunailazimu programu isome barua kwa barua, na kwa akaunti kubwa utangoja.

Kwenye matokeo kuna safu ya mahali inayotaja folda ya kila barua. Kama haionekani, bofya kialama kilicho pembeni ya vichwa vya safu uiwashe. Safu hiyo ndiyo itakayokufunulia barua zilihamia wapi, na nitalirudia hilo hivi punde. Uwe mwangalifu na jambo moja: matokeo haya si nakala. Ukifuta barua humo, umeifuta kwenye folda yake halisi.

Dirisha hili lina pungufu moja la kweli. Huwezi kuchagua akaunti mbili kwa mara moja. Utatafuta kwenye ya kazini, kisha ubadilishe utafute kwenye ya zamani. Njia ya kulivuka ipo, nayo ni kuhifadhi utafutaji.

Utafutaji uliohifadhiwa

Kwenye dirisha hilohilo kuna kitufe cha kuhifadhi utafutaji kama folda. Unaweza pia kuanza moja kwa moja kutoka menyu ya faili, kwenye vitu vipya. Unaipa jina, unaweka masharti, na unachagua folda za kuangaliwa, na hapa unaruhusiwa kuchagua folda za akaunti zote mbili. Kisha kwenye orodha ya folda zako kinatokea kitu kama folda. Ukikibofya, programu inakuletea barua zote zinazotimiza masharti, popote zilipo.

Folda hii haina barua ndani yake. Barua hubaki kwao. Ukiifuta folda yenyewe, hakuna barua inayopotea. Ila ukifuta barua ukiwa ndani yake, inafutika kweli.

Kwa kazi yako ningetengeneza tatu au nne tu. Moja ya barua zote zenye viambatisho kutoka kwa wateja wakubwa. Moja ya barua ambazo hazijasomwa katika folda zote, kwa sababu mtu mwenye folda nyingi na vichujio vinavyopanga barua zenyewe huwa na barua ambazo hazijawahi kuonekana na jicho lake. Na moja isiyo na masharti makali, mathalani umri wa barua usizidi siku 30, inayokusanya kila kilichoingia karibuni kwenye akaunti zote mbili. Ukiwa ndani yake, kile kichujio cha haraka cha Ctrl+Shift+K kinafanya kazi juu ya mkusanyiko wote. Yaani kichujio kilichokukatisha tamaa mwanzoni, ukikiwekea folda ya namna hii, kinakuwa utafutaji wa folda zote. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote nilizozitaja.

Kila unapounda folda mpya ya mteja, rudi kwenye sifa za utafutaji uliohifadhiwa ukague kama folda hiyo imo kwenye orodha ya zinazoangaliwa.

Kuuliza seva

Katika dirisha la Ctrl+Shift+F, ukiwa kwenye akaunti ya IMAP, utaona kisanduku cha kuamuru utafutaji ufanyike kwenye seva. Ukiweka tiki, programu haisomi tena diski yako, inatuma swali. Ni njia ya kutumia kama hutaki kupakua barua zote, au diski ni ndogo. Vigezo vinapungua, kwa kuwa seva haijui kila kitu ambacho programu yako inakijua.

Usishangae ikiwa polepole. Katika kanuni za IMAP zilizoandikwa mwaka 2003, zile za RFC 3501 (RFC ni hati za kanuni za mtandao), amri ya kutafuta inafanya kazi kwenye folda moja iliyofunguliwa wakati huo. Mwaka 2014 ilitolewa nyongeza, RFC 7377, ya kutafuta folda nyingi kwa amri moja, lakini ni nyongeza ya hiari na si kila seva wala kila programu inayoitumia. Bila hiyo, folda mia na hamsini ni kufungua, kuuliza na kungoja mara mia na hamsini. Pia kanuni hizo za 2003 zinataka seva itafute kipande cha maandishi popote kilipo, ila seva kadhaa kubwa, Gmail ikiwemo, hutafuta kwa maneno. Kwa hiyo mbinu ya "kataba" inaweza kufanya kazi kwenye diski yako na kugoma kwenye seva.

Nimeitaja Gmail, niongeze kwa anayeitumia: kule hakuna folda halisi, kuna lebo, na kila lebo huonekana kwenye Thunderbird kama folda. Barua yenye lebo tatu utaikuta mara tatu. Badala ya kutafuta akaunti nzima, tafuta kwenye folda moja tu ya barua zote. Ina kila kitu isipokuwa tupio na barua taka.

Kama bado barua haionekani

Umepakua, faharasa ni mpya, Ctrl+Shift+F imepita akaunti nzima, na barua haipo. Kabla hujasema imefutika, kuna sehemu za kuchungulia.

Bonyeza herufi A kwenye kibodi ukiwa umechagua barua, na Thunderbird itaihamishia kwenye hifadhi, kwenye folda iliyopangwa kwa mwaka wa barua hiyo. Haiulizi. Mtu akidhani yuko kwenye kisanduku cha kuandikia akaanza neno lenye herufi hiyo, barua imeondoka. Ndiyo sababu nilisisitiza safu ya mahali. Kipanya nacho kinahusika: ukishikilia barua na kuiachia kwenye folda ya jirani, hutajua hadi uitafute.

Kwenye IMAP kuna folda ambazo zipo kwenye seva ila programu haizionyeshi kwa sababu hujajisajili nazo, na zisizoonyeshwa hazitafutwi. Bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia, chagua usajili, uone kama kuna folda isiyo na tiki. Hili hutokea zaidi pale simu au programu nyingine ilipounda folda yake yenyewe ya hifadhi.

Kwa akaunti ya POP, ambayo hushusha barua kutoka kwenye seva na kuziweka kwenye kompyuta, kumbuka kwamba barua zinaweza kuwa zilipakuliwa na kompyuta nyingine na kuondolewa kwenye seva siku hiyohiyo. Kama uliwahi kubadilisha kompyuta na hukuhamisha wasifu wote, barua za zamani ziko kule. Hakuna utafutaji kwenye kompyuta mpya utakaozileta.

Folda ikionyesha idadi ya barua isiyoeleweka, au barua zenye tarehe na mada zisizolingana na zinapofunguka, huenda faili lake la muhtasari, lile linaloishia na .msf, limeharibika. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa, bonyeza kitufe cha kuikarabati. Fanya kwa folda yenye shida tu, si kwa zote mia na hamsini.

Na kwa barua ya IMAP, hakimu wa mwisho ni seva. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, tafuta hukohuko. Ikionekana kule, tatizo liko kwenye programu yako nawe una njia za kulitatua hapo juu. Isipoonekana kule, hata kwenye tupio, basi hapo ndipo unapomwandikia mwenzako akutumie tena.

Wanaotumia programu nyingine watakuta mambo yaleyale kwa sura tofauti. Outlook ya Windows, ile ya zamani (classic), ina Ctrl+E, na ukiwa ndani ya kisanduku unachagua upeo: folda hii, na folda ndogo, kisanduku chote cha barua, au visanduku vyote. Kagua upeo kila mara. Faharasa yake ni ya Windows yenyewe, na hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno, kwa hiyo "kataba" haitakupa "mkataba". Kwa akaunti za Exchange, mfumo wa barua wa Microsoft unaotumika maofisini, kuna kipimo cha barua za muda gani zitunzwe kwenye kompyuta. Za zamani zaidi ya hapo zinapatikana kwa kuuliza seva tu. Mail ya Mac hutegemea Spotlight, utafutaji wa Mac yenyewe, na kwenye mipangilio yake ya jumla unaamua kama utafutaji wa visanduku vyote uhusishe tupio, barua taka na barua zilizosimbwa.

Mwisho uliuliza kama uhamishie kila kitu kwenye folda moja. Hapana, lakini folda mia na hamsini ni nyingi. Mpangilio wa mteja na mwaka unakulazimisha uamue mahali pa barua moja inayowahusu wateja wawili, na miaka mitatu baadaye hukumbuki uliamua vipi. Acha folda za zamani kama zilivyo. Kwa barua mpya tumia folda moja ya kila mwaka, na mteja umwekee lebo badala ya folda. Barua moja hubeba lebo mbili bila shida, na lebo ni moja ya masharti unayoweza kuweka kwenye Ctrl+Shift+F na kwenye utafutaji uliohifadhiwa. Anza leo na mipangilio ya upakuaji, iache ifanye kazi usiku kucha, na kesho utafute "kataba" pamoja na anwani ya mteja wako.